Chai ya mtaa isiyogeuka kuwa mkutano wa chama: inaanzwaje?

Mkazi_Buhongwa

Wakuu, za jioni. Shikamooni wakubwa.

Naomba kujuzwa na wanaojua kuendesha vikao vya majirani. Mtaa ni wa Buhongwa, Mwanza, upande wa kupandia mlimani, kaya kama 60, wapangaji na waliojenga nusu kwa nusu. Watu wanakutana msibani tu. Matanga yakianuliwa kila mtu na geti lake. Kundi la WhatsApp la mtaa lipo, ila limejaa matangazo ya vikoba na mahubiri, na tangu kampeni za 2025 limekuwa uwanja wa kejeli za vyama. Baada ya Oktoba 29, siku ya uchaguzi, na yaliyofuata, wengi wamenyamaza kabisa. Ukiuliza mtaro utazibuliwa lini, unaulizwa wewe ni wa upande gani.

Wazo ni kikao cha chai, kidogo, cha kila mwezi. Kwanza watu wajuane majina, halafu taratibu yazungumzwe hata yale yanayoogopwa: ushuru, diwani, ahadi za uchaguzi, bila watu kutoana macho.

Watu wangapi? Wapi, na siku gani? Chai analipia nani? Kibali kinahitajika au hakihitajiki? Na mtu akianza kupiga kampeni katikati ya kikao anazuiwaje bila kudhalilishwa?

Naomba majibu ya kutendeka. "Umoja ni nguvu" ninaujua.

---

Fundi_wa_Vikao

Mkuu, anza na idadi, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Watu 40 ukiwapa dakika mbili mbili, hizo ni dakika 80 za kusikiliza tu kabla hata hamjajibizana, na wa arobaini alishaondoka zamani. Kikao cha mazungumzo ni watu 15 hadi 24. Kaya 60 usiziite zote. Chukua nyumba 12 zinazotumia njia moja, mtaro mmoja au bomba moja, kwa sababu tayari zina jambo la pamoja hata kama hazisalimiani. Kikao kikikomaa, nyumba nyingine 12 zianze chao. Kukuza kimoja mpaka kiwe cha watu 80 ni kukigeuza mkutano wa hadhara, na mkutano wa hadhara unahitaji spika, meza kuu, mgeni rasmi, basi kwishney.

Siku: Jumamosi usiiguse. Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi. Jumapili asubuhi ni ibada. Inabaki Jumapili saa 10 hadi saa 12 jioni. Jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 hivi kutegemea mwezi, kwa hiyo ukifunga saa 12 kamili Waislamu wanawahi Magharibi, wapishi wanawahi jikoni, na hakuna anayehitaji taa. Taa ni balaa: wadudu wa ziwani wakiwa wamechachamaa huifuata balbu, na balbu ikiwa juu ya chai mtakunywa supu yao. Kabla ya kutangaza tarehe, tazama pia ratiba ya ligi. Siku ya Simba na Yanga utabaki na vikombe vyako.

Mahali: uwanja wa nyumba iliyoko chini ya kilima. Milima yetu na mawe yake mnaijua. Kikao kikiwekwa juu, mzee mwenye magoti mabovu na mama mjamzito umeshawaondoa bila kuwatamkia. Viti 24 vikipewa sentimita 70 kila kimoja vinafanya duara lenye kipenyo cha mita tano na kidogo, kwa hiyo uwanja wa mita saba kwa saba unatosha. Duara, tafadhali. Ukipanga safu, wa mbele wanakuwa viongozi na wa nyuma wanakuwa watazamaji wa simu zao. Pasiwe glosari ya pombe (walokole na Waislamu hawaji, na saa 11 sauti zimeshapanda), pasiwe kanisani wala msikitini, na pasiwe mahali panapopepea bendera ya chama chochote. Zungusheni nyumba kila mwezi. Nyumba ikiwa moja tu, baada ya miezi minne kikao kitaitwa "kwa fulani", na maadui wa fulani hawatakanyaga.

Mwaliko uende mlango kwa mlango, siyo kwa WhatsApp. Waende wawili, mwanamke na mwanamume, na ikiwezekana wawili ambao mtaa mzima unajua hawakubaliani kisiasa. Hao wawili wakionekana pamoja getini, nusu ya wasiwasi imekwisha. Piteni siku nne kabla, halafu mkumbushe asubuhi ya siku yenyewe. Mkiulizwa kama kuna siasa, msidanganye. Semeni ni mambo ya mtaa, na mambo ya mtaa yana siasa ndani yake, ila kofia, kanga na fulana za chama zibaki nyumbani.

Chai ya watu 24: kikombe kimoja na nusu kwa kila mtu ni lita 9, yaani chupa tatu za lita tatu. Majani gramu 50, sukari nusu kilo na robo nyingine ya akiba, tangawizi vidole vinne vilivyopondwa. Mihogo ya kuchemsha kilo sita kabla ya kumenya, au matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga kilo moja kama hamtaki kuwasha moto siku hiyo. Ndoo yenye koki ya kunawia. Kila mtu aje na kikombe chake; vikombe vya kuazima ndivyo vinavyozalisha ugomvi wa kwanza.

Na sasa jambo ambalo usipolishika mengine yote ni bure: mwenye sukari ndiye mwenye kikao. Siku atakapotokea mtu mwema, mwenye gari safi, anasema "chai ya mwezi huu niachieni mimi," kataeni kwa heshima. Awe wa chama tawala, awe wa upinzani, awe shirika. Leteni vitu, siyo fedha: nyumba hii sukari robo, ile majani, ile mihogo. Fedha zinahitaji mweka hazina, mweka hazina anahitaji kukaguliwa, na kikao cha chai kinageuka kesi. Ukurasa wa kwanza wa daftari uandikwe nani alileta nini, uwe wazi kwa kila mgeni. Swali la "mmetumwa na nani?" litakuja kikao cha kwanza au cha pili. Hujibu kwa hotuba, unamfungulia ukurasa.

Jingine dogo ambalo huharibu mengi: usizungushe karatasi ya mahudhurio yenye sehemu ya sahihi na namba ya simu. Mashirika yamezoesha watu kwamba wakisaini wanapata posho na nauli, na vyama vimewazoesha kwamba wakisaini wameandikishwa. Nusu watasubiri bahasha, nusu watakimbia. Ukitaka idadi, hesabu vikombe.

---

Karani_Mstaafu

Fundi amemaliza upande wa jikoni. Niongeze upande wa ofisi.

Kibali. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, kifungu cha 43, inamtaka anayeitisha mkusanyiko au maandamano mahali pa umma amtaarifu kwa maandishi ofisa wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, akieleza mahali, muda na madhumuni. Neno la kuzingatia ni "mahali pa umma". Majirani 20 wanaokunywa chai uani kwa mtu hawako uwanja wa mpira. Na Katiba ya 1977, ibara ya 18 na ya 20, inatambua haki ya kutoa maoni na ya kukutana kwa hiari na kwa amani. Hata hivyo usiitegemee ibara kama mwavuli wa mvua. Mtaarifu mwenyekiti wa mtaa kwa mdomo na kwa karatasi ya mistari mitano: siku, saa, nyumba, idadi, "majirani kufahamiana na kujadili mambo ya mtaa". Nakala ibaki kwako ikiwa na tarehe aliyoipokea. Siyo kuomba ruhusa, ni kumwondolea sababu ya kusema hakujua. Spika msilete kabisa. Spika moja inageuza uani kuwa uwanja.

Mkitaka siku moja kukutania kwenye kiwanja cha wazi au shule ya msingi, hapo barua ya polisi iende, na ya mwalimu mkuu pia.

Balozi wa nyumba kumi. Watu wanachanganya sana hapa. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa enzi za TANU, na tangu vyama vingi virudi 1992 balozi ni kiongozi wa shina la CCM, si ofisa wa serikali. Mwalikeni kama jirani, kwa jina lake, na kikombe chake. Mkimwalika kwa cheo, basi na viongozi wa vyama vingine wa eneo hilo mwalikeni kwa vyeo vyao, na hapo chai imeisha.

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa nao si mtu mmoja. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi. Waliopo waliingia kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024, kwa muhula wa miaka mitano. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Malalamiko ya mhuri na barua za utambulisho yana njia yake, na malalamiko ya maamuzi yana njia yake.

Hili ndilo darasa bora la siasa kwa kikao chochote, na halimkasirishi mtu: chukueni kero tatu za mtaa, muulizane kila moja nani anaamua. Mtaro wa barabara ya mtaani ni wa TARURA, iliyoanzishwa 2017. Barabara kuu ni ya TANROADS. Maji ni mamlaka ya maji. Taka ni halmashauri, na hapa Mwanza mjini halmashauri ni mbili: Jiji kwa upande wa Nyamagana na Manispaa kwa upande wa Ilemela. Buhongwa yako ni Nyamagana, kwa hiyo usipeleke barua Ilemela. Mtakuta mwenyekiti wa mtaa anatukanwa kwa mambo manane, na sita hayamo mikononi mwake. Na mtakuta mawili yaliyomo mikononi mwake hakuna aliyewahi kumuuliza, hasa taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa, ambayo mahali pake ni kwenye mkutano wa wakazi.

Wakati nao una maana. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Kero mnayotaka iingie kwenye bajeti ipelekeni kwa diwani kabla ya Desemba, na muombe isomwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Mkiipeleka Mei mtaambiwa "tumeipokea", nao watakuwa hawadanganyi, wameipokea kweli.

Kuhusu sukari ya mwanasiasa, wazee wataikumbuka takrima (vyakula na zawadi za mgombea kwa wapiga kura). Iliwahi kuwamo kwenye sheria ya uchaguzi kama ukarimu wa kawaida, mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo 2006. Sheria ilifutwa, mazoea yapo.

---

Kona_ya_Nyamanoro

Sikubaliani na kukwepa ofisi ya mtaa. Ukikutania uani watu watasema mnapanga kitu. Ofisini ni peupe, viti vipo, choo kipo, mvua ikinyesha mnaingia ndani. Kikao cha kwanza kingekuwa pale pale mwenyekiti akiwepo, afungue, halafu vya mbele mzunguke kwenye nyumba.

---

Fundi_wa_Vikao

Kona, hoja ya choo na mvua naikubali bila kubisha. Masika, Machi hadi Mei, uani bila turubai la angalau mita sita kwa nane hakufai, na turubai lenyewe lifungwe lenye mteremko, maana maji yakituama katikati linashuka vichwani. Ila mwenyekiti akifungua, atafungua kwa dakika 40. Kisha kila anayesema atamtazama yeye kwanza. Hata asipokuwa mkali, watu watazungumza *naye* badala ya kuzungumza wao kwa wao. Mimi ningemwita kikao cha tatu, akae kwenye duara, apewe kokoto zake tatu kama wengine (naeleza hapa chini), na apewe maswali siku tatu kabla ili asije akavuliwa nguo mbele ya wapiga kura wake. Kiongozi anayeviziwa haji mara ya pili.

Kokoto: kila anayeingia anapewa tatu. Ukisema, unaitupa moja kwenye bakuli katikati. Zikiisha umekuwa msikilizaji mpaka wote wamalize zao. Mji wa mawe huu, kokoto hazinunuliwi. Inashinda ule mtindo wa kupokezana mwiko, kwa sababu mwiko mtu anaweza kuukumbatia nusu saa, ila kokoto ya nne hana. Na kila kokoto haizidi dakika moja. Saa ashike kijana wa sekondari, siyo mtu mzima. Mtu mzima ataona haya kumkatiza mzee. Kijana akiliza kengele ya simu, mzee anacheka na kumaliza.

---

Mkazi_Buhongwa

Ahsanteni sana wakuu, hii ni shule. Mzee Karani shikamoo, hilo la mawili kati ya manane nimeliandika pembeni.

Mawili zaidi. Kwanza, akina mama: wakija wataishia kumimina chai na kuosha vikombe, wanaume waongee. Pili, kuna jirani mmoja anajulikana, kila jambo analigeuza chama. Mtaro: chama. Mbuzi kala mchicha: chama. Huyo anaendeshwaje?

---

Bi_Mihogo

Mwanangu, hilo la akina mama linatatuliwa kabla ya kikao, si ndani yake. Chai ichemshwe na kumiminwa kwenye chupa kabla ya saa 10, chupa ziwekwe kwenye meza nje ya duara, kila mtu ajihudumie na kuosha kikombe chake mwenyewe. Kikombe ni chake, amekuja nacho, hakuna wa kumwoshea. Mkiweka sufuria jikoni, mwanamke atakaa jikoni, na akitoka huko jambo limeshakatwa.

Watoto watakuja, msijidanganye. Mkeka upande mmoja wenye kivuli, binti wawili wakubwa wapewe kazi hiyo kwa kupokezana, nao walipwe matobolwa na karanga kwanza kabla ya watu wazima. Mama asiyemwona mwanawe hamsikii diwani.

Halafu msianze na duara kubwa. Baada ya majina gaweni vikundi vya watu wanne hadi sita, dakika 20, swali moja. Mwanamke ambaye hatasimama mbele ya watu 24 atasema yote mbele ya watano. Kikundi kimoja kiwe cha wanawake watupu ikiwa wenyewe wanataka. Msiwalazimishe kuchanganyika wala kutengana. Anayeleta majibu ya kikundi kwenye duara kubwa awe yule aliyezungumza kidogo kuliko wote. Mwenye mdomo atakasirika mara ya kwanza, mara ya pili atazoea.

Mwandishi wa daftari naye msimteue "dada mmoja mwenye mwandiko mzuri" kila mwezi. Mwandishi hazungumzi, ameinama. Azunguke, na mwanamume naye ainame.

Wapangaji: wakumbukeni kwa jina. Mpangaji akisikia "kikao cha wenye nyumba" haji, naye ndiye anayechota maji usiku. Na swali la kodi ya pango msilipeleke kwenye duara ambalo mwenye nyumba na mpangaji wake wameketi pamoja kwa mara ya kwanza. Lisubiri.

---

Mshika_Kengele

Nijibu hilo la jirani wa "kila kitu chama".

Tatizo kubwa huwa swali, siyo mtu. Ukiuliza "serikali inafanya vizuri au vibaya?" umewagawa sehemu mbili kabla hawajafungua mdomo, na chawa (mpambe) wa kila upande ana jibu lake tayari mfukoni. Uliza lenye mahali na wakati: "Tangu mvua za Novemba, ni sehemu gani ya njia yetu imeharibika zaidi?" "Mtoto wa darasa la kwanza anavuka barabara wapi, na saa ngapi ni hatari?" "Fungu la asilimia 10 la mikopo ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu: hapa kuna kikundi kilichojaribu kuomba, na kilikwama kwenye hatua gani?" Hilo la mwisho ni siasa tupu, la sera na bajeti, lakini mtu analijibu kwa anachokijua, siyo kwa kadi yake.

Akishaanza, mwongozaji ana hatua tatu, na zifuate mpangilio huu. Ya kwanza, chukua hoja uache bendera: "Kwa hiyo unasema mkandarasi aliondoka kabla hajamaliza. Nani mwingine aliona hivyo?" Mara nyingi inatosha, kwa sababu alichotaka ni kusikika. Ya pili, mrudishe kwenye kero: "Sawa mzee, na sisi wa nyumba hizi 12 tufanye nini kabla ya Jumapili ijayo?" Ya tatu, kokoto: "Umebakiza moja, utaitumia sasa au mwishoni?" Usimzime kwa kumwambia "hapa hatuongei siasa". Kwanza si kweli, pili umempa ushindi, kwamba yeye ndiye jasiri na nyie waoga.

Kosa linaloua vikao vingi ni kumpa kazi ya kuongoza yule anayependa kuongoza. Mwongozaji mzuri ni fundi cherehani, mwalimu wa chekechea, kinyozi: mtu aliyezoea kuzungumza na kila aina ya mteja na hana deni na yeyote. Kwenye kikao anachoongoza hatoi maoni yake kabisa. Akiwashwa sana, ampe kengele mwingine kwa mwezi huo, aketi na kokoto zake.

Ikitokea wawili wamesimama na kunyoosheana vidole, usipandishe sauti. Simama katikati, sema "chai", watu wainuke dakika 10. Ukiwaambia wakae hawatakaa. Ukiwaambia chai, wataenda. Ndiyo sababu chupa moja kati ya zile tatu iachwe bila kuguswa mpaka saa 11. Hiyo chupa ni ya zimamoto.

Simu: picha za watu hazipigwi bila kila aliyemo kukubali, sauti hazirekodiwi. Kanuni itamkwe mwanzoni kila mwezi: yaliyosemwa yanatoka, aliyesema anabaki. Daftari liandike "imesemwa kwamba", halafu safu tatu: jambo, nani atafuatilia, lini ataleta jibu. Jina linaloandikwa ni la anayefuatilia tu, tena kwa hiari yake. Kundi la WhatsApp la kikao liwekwe wasimamizi peke yao waandike, nalo libebe siku, saa na nyumba, basi. Mjadala ukihamia huko, mtu atakata kipande cha maneno na kukipeleka asikotakiwa. Na mkumbuke Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo. Uvumi ulioanza kwa "nasikia" una mwenyewe siku ukifika kituoni.

---

Mwalo_wa_Igombe

Hayo yote ni ya watu wa mjini wenye Jumapili. Kwa wanaotaka kufanya hivi mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, Igombe, Kayenze au Luchelele, kalenda yenu ni mwezi wa angani.

Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala, wanaume wako nchi kavu na hawana haraka. Basi weka kikao siku mbili tatu kuzunguka mwezi mpevu, siku yoyote ya wiki isipokuwa ya ibada. Ukiweka Jumapili ya giza, utapata mabaharia waliosinzia au hutapata kabisa, maana kufika saa 12 jioni wanapakia.

Akina mama wa kuanika dagaa wana saa yao pia. Jua likiwa kali wako mchangani wakigeuza, na wingu likijikusanya ziwani wanakimbilia kuanua. Kikao cha saa 8 mchana kitavunjika kwa wingu moja. Saa 11 dagaa wameshaingia maguniani, hapo wanakaa. Hiyo robo ya kilo ya sukari anayodai Fundi hapa ichangwe kwa kikombe cha dagaa. Inauzwa pale pale, inanunua sukari.

Mahali: siyo ofisi ya BMU (kikundi cha jamii cha usimamizi wa uvuvi) kikao cha kwanza. BMU ndiyo inayosimamia mwalo, na maswali mengi yatakuwa juu ya mwalo: ushuru, nyavu, doria. Kaeni upande wa upepo, mbali na chanja. Upepo wa mchana unatoka ziwani na unabeba maneno; duara la mwaloni liwe dogo, watu 12 hadi 15, la sivyo mtapiga kelele, na watu wanaopiga kelele husikika kama wanagombana hata wakisifiana.

Mada ya kuanzia msiichague ya doria na nyavu haramu. Kuna waliochomewa nyavu na kuna waliotoa taarifa, nao ni majirani. Anzeni na choo cha mwaloni, taa ya njia, au bei ya barafu. Kikao cha tatu au cha nne ndipo mnaweza kuuliza: sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, hilo linajulikana, je, nani hapa mwaloni anapima, anapimia nini, na aliyevua mdogo kwa bahati mbaya anafanyaje? Hapo mtasikia siasa ya kweli, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kushika kipaza sauti.

Wenye mitumbwi na mabaharia wao wasiwe kikundi kimoja. Baharia hamsemi tajiri wake akiwa amemkodolea macho, hasa akiwa anadaiwa naye.

---

Kona_ya_Nyamanoro

Nimeelewa hoja ya duara, narudisha nusu ya maneno yangu. Ila swali: kampeni zikianza je? 2025 zilianza Agosti 28 hadi Oktoba 28, miezi miwili kamili. Kikao kinasimama?

---

Karani_Mstaafu

Kisisimame, kipunguzwe. Katika kipindi cha kampeni mikutano ya wagombea inaenda kwa ratiba iliyopangwa, na mgombea akitokea uani kwenu nje ya ratiba yake, yeye na mwenye nyumba wote wamejitafutia maelezo ya kutoa. Miezi hiyo kutaneni kwa mambo mawili tu: daftari la wapiga kura, kila mtu ahakiki jina na kituo chake, na orodha ya kero zenu kwa maandishi, nakala zinazofanana, moja kwa kila mgombea udiwani, zote zipelekwe siku moja. Majibu yakirudi yasomwe yote kikao kimoja, kwa mpangilio wa kura ya vijikaratasi. Akijibu mmoja peke yake, msilisome jibu lake mpaka wengine wapewe wiki nyingine. Wakikaa kimya, someni lake na mtaje kimya cha wengine bila kuongeza neno.

Na hiyo sukari, mzee Fundi, miezi hiyo iwekeni chini ya kufuli. Wenye magari safi ni wengi.

---

Mkazi_Buhongwa

Nimepata nyumba 11 kati ya 12 za njia yetu, na wa kwenda naye mlangoni nimeshampata. Hatujawahi kukubaliana jambo lolote tangu tufahamiane. Bi Mihogo, robo ya sukari kwa nyumba 11 si itazidi?

---

Bi_Mihogo

Itazidi, mwanangu. Sukari nyumba tatu tu, robo robo. Majani moja, tangawizi moja, mihogo nne, karanga moja, na ya kumi na moja ilete ndoo yenye koki na sabuni. Na asiye na kitu aje na kikombe.